Tusiwaachie Watoto Kitendawili: Wito wa Kuandika Wosia

Aliyesoma sheria Tanzania hawezi kuwa hajakutana na kesi ya Holaria Pastory. Alikuwa mama wa Kihaya wa Wilaya ya Muleba, Kagera. Agosti 1988, uzee ukimwelemea na akiwa hana wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Jamaa yake, Bernardo Ephraim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kudai kwamba mauzo yale ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Februari 1990 shauri likafika mwisho Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki ya usawa iliyomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume anavyoweza.

Hukumu hiyo inafundishwa na kusifiwa mpaka leo, na inastahili. Lakini kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka: shamba lile Holaria alilipata kwa wosia wa baba yake. Kabla ya jaji, kabla ya mawakili, kabla hata ya Katiba yetu kuwekewa sura ya haki za binadamu, palikuwa na mzee aliyeamua kwamba binti yake apate shamba, akalisema hilo kwa njia ambayo wenzake walilazimika kulitambua, na neno lake likaishi kumzidi. Mzee huyo hatajwi kwenye vitabu. Mimi ndiye ninayemwona shujaa wa kwanza wa kesi ile.

Ninaandika haya kukuomba wewe unayesoma, uwe mwenye ghorofa Mikocheni au mwenye ekari mbili za mihogo Mkuranga, ufanye alichofanya mzee yule. Andika wosia. Uandike mwaka huu, ungali na nguvu zako, akili imetulia na mkono hautetemeki.

Tukinyamaza sisi, sheria hainyamazi. Tanzania Bara, mtu akifariki bila kuacha wosia, mali yake hugawanywa kwa sheria ya kimila, ya Kiislamu, au Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliachiwa na Waingereza. Ipi itumike huamuliwa kwa kutazama marehemu aliishije. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapoanzia. Kwa mfano, mtu alibatizwa, akafunga ndoa kanisani, lakini kila Desemba alikwenda kijijini kutambika na wazee. Mjane atasema huyu alikuwa Mkristo wa mjini. Kaka zake watasema huyu alikuwa mtu wa mila. Kila upande una picha na mashahidi, na mwenyewe hayupo kuulizwa.

Jibu la swali hilo ni zito. Sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, ile iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436, inawapanga warithi katika madaraja matatu. La kwanza ni la mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza. La pili ni la watoto wengine wa kiume. Mabinti wako daraja la tatu, hata kama binti ndiye kifungua mimba na ndiye aliyemuuguza baba miaka yote. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Anatarajiwa kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Kwa sheria ile ya 1865, mjane aliyeachwa na watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili huenda kwa watoto. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Mwanamke yuleyule, aliyepika na kufua na kulipa matofali kutoka katika biashara yake ya maandazi, anaweza kutoka na theluthi, thumuni au mikono mitupu, kutegemea hoja ipi imeshinda mahakamani. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba wajane wawili wa Tanzania walionyimwa urithi kwa sheria hiyo ya kimila walidhulumiwa. Waume zao walikuwa wameshazikwa siku nyingi. Laiti wangeacha karatasi yenye mashahidi.

Wala usomi hauondoi hatari hii. Desemba 1986 alifariki Nairobi wakili maarufu, S. M. Otieno, mtu aliyefanya kazi ya sheria maishani mwake. Hakuacha wosia. Mkewe, Wambui, alitaka azikwe shambani kwao Ngong; ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kenya nzima ilifuata shauri lile kwenye magazeti na redio. Mahakama ikabaki kusikiliza watu mmoja baada ya mwingine wakieleza marehemu aliwahi kusema nini kuhusu kaburi lake, na mwili ukakaa mochari hadi Mei 1987 ulipozikwa Nyalgunga. Nikiwafikiria watoto wa nyumba ile miezi yote hiyo, mpaka leo roho inaniuma.

Ninajua neno linalowazuia wengi: uchuro. Ukimwambia mume wako tuandike wosia atakuuliza, unanitakia kufa? Mama mkwe akisikia, atasema umeshaanza kuhesabu mali za mwanawe. Siwadharau wanaoogopa hivyo. Kifo kinatisha, na katika nyumba zetu neno huonekana lina nguvu ya kuita jambo. Ila tukumbuke kwamba kuusia si jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, akiwa mgonjwa huko visiwa vya kaskazini mwa pwani, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha ambao tunausoma hadi sasa. Hakuona haya kukiri kwamba anaweza kuondoka. Aliona haya kuondoka bila kumwachia mwanawe maneno. Wazee wa bara nao waliita watoto jioni wakawaonyesha mipaka ya shamba, huu mti, lile jiwe, ule mfereji, na kumtaja aliyewahi kuwakopesha ng'ombe. Uoga huu wa kutaja kifo ndani ya familia umekua nasi sisi tulioishi mijini, tuliozoea kuwaficha watoto kila kitu kinachohusu fedha.

Matokeo ya kuficha huko unayaona siku tanga linapoanuliwa. Majamvi bado yako chini, masufuria ya kukodi hayajarudishwa. Wazee wa ukoo wanasema sasa tuzungumze mambo ya marehemu. Mjane, ambaye hajapata usingizi tangu siku ile, anaambiwa alete nyaraka. Analeta mkoba mweusi wa ngozi ya bandia ambao zipu yake imekufa. Ndani yake kuna risiti ya mabati ya mwaka ambao mtoto wa pili alizaliwa. Kuna hati ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na jina la mnunuzi ni la marehemu pamoja na mtu mwingine asiyejulikana na yeyote pale barazani. Kuna leseni ya makazi iliyokwisha muda. Kuna kadi ya gari lililouzwa zamani. Kuna kitabu cha benki, lakini benki yenyewe ilishabadilika jina. Kuna karatasi yenye orodha ya majina na tarakimu mbele yake, wala hakuna anayejua kama hao walikuwa wakimdai au yeye ndiye aliyekuwa akiwadai. Simu yake ina namba ya siri. Kikundi cha kuweka na kukopa alichokuwa mwanachama kinajulikana kwa jina tu.

Mzee mmoja anasema marehemu aliwahi kumdokeza kuna shamba Kilosa. Baba mdogo anasema hapana, shamba lile ni la ukoo. Kijana mmoja ambaye watu walidhani amekuja kuzika kama jirani anasimama na kusema kwa heshima kwamba naye ni mtoto wa marehemu. Mjane anainamisha kichwa.

Katika kikao cha namna hiyo mara nyingi hakuna hata mwizi mmoja. Tamaa ipo, binadamu ni binadamu, na mithali inatuonya kwamba ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, kwa maana watapatana. Lakini ugomvi mwingi wa mirathi haumaliziki hivyo, kwa sababu kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba anatetea neno la marehemu, na neno hilo hakuna aliyelisikia sawasawa. Baba mdogo yule huenda anakumbuka kweli. Kijana yule huenda ni mtoto kweli. Aliyekuwa na majibu yote alikaa nayo kifuani miaka thelathini, akazikwa nayo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kuliko wosia. Nunua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema waliotutangulia, na walikuwa wafanyabiashara. Andika nyumba iko mtaa gani, imejengwa kwenye kiwanja cha nani, na nyaraka ziko wapi. Andika shamba la kijijini na majina ya majirani wanne wanaopakana nawe, na kama una hati ya hakimiliki ya kimila iandike. Andika akaunti za benki, mtandao wa simu unakoweka fedha, kikundi cha VICOBA na jina la mweka hazina wake, hisa, mifugo na ulikoiweka, pikipiki uliyompa kijana kwa mkataba. Namba za siri usiziandike humo. Andika madeni yako kwa ukweli wote, kwa sababu madeni hulipwa kabla ya warithi kupata chochote, na mtoto wako asilipe mara mbili deni ulilokwisha kulipa. Waandike na unaowadai. Kisha andika watoto wako wote. Wote. Kama kuna mmoja ambaye nyumbani hawamjui, hilo ni zito, na mimi siwezi kukubebea. Lakini ni afadhali mkeo alisikie kutoka kwako, ukiwa hapo kuomba msamaha na kujibu maswali, kuliko kulisikia mbele ya wakwe siku ya msiba wako.

Daftari hilo si wosia na mahakama haitalichukulia hivyo. Kazi yake ni kwamba ukishalijaza, wosia unakuwa karibu umejiandika. Kaa na mwenzi wako mlipitie pamoja, maana nyumba mliyoijenga wawili huwezi kuigawa peke yako kama vile yeye alikuwa mpangaji. Kisha andika, kwa Kiswahili cha kawaida, wewe ni nani, kwamba una akili timamu na hujashurutishwa, una nini, unampa nani, na nani asimamie utekelezaji. Weka tarehe. Tumia kalamu ya wino. Saini mbele ya mashahidi, nao wasaini wakiwa wote pamoja nawe wakati huohuo, wasipelekewe karatasi nyumba kwa nyumba. Kwa taratibu za kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Hata wosia wa mdomo unatambuliwa na sheria hiyo ya kimila, mradi mashahidi wasipungue wanne kwa mpangilio huohuo, na mke aliyepo nyumbani awe miongoni mwa wanaousikia. Lakini usiutegemee kama unaweza kuandika. Mashahidi nao hufa, na wengine husahau. Chagua pia shahidi ambaye humpi kitu ndani ya wosia huo, ili asije akaambiwa alisaini kwa faida yake.

Ukitaka kumnyima mtoto, fikiri mara mbili, ukimaliza fikiri tena. Sheria ya kimila hairuhusu kumnyima mrithi kwa hasira tu. Inataka sababu nzito, kama vile kukushambulia au kukutelekeza katika ugonjwa au njaa, na sababu hiyo itajwe wazi. Wosia wa kulipiza kisasi ndio unaorudisha familia mahakamani kwa kasi kuliko kutokuwa na wosia kabisa.

Kuhusu mahali pa kuuhifadhi, tunayo taasisi ya umma inayofanya kazi hiyo: RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wengi tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Hiyohiyo humsaidia mwananchi kuandika wosia na kuutunza kwa siri. Unaweza pia kuuweka kwa wakili, benki, au kwa viongozi wa dini unaowaamini. Popote utakapouweka, mwambie msimamizi uliyemteua. Wosia uliofichwa juu ya dari pamoja na picha za harusi utaonekana nyumba ikiezekwa upya, wakati mali imekwisha gawanywa. Na hali ikibadilika, umepata mtoto mwingine, umeuza kiwanja, umefiwa na uliyemteua, andika upya. Wosia wa mwisho ndio unaosikilizwa.

Nataka nikae kidogo kwenye watoto wadogo, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwenye watoto wa miaka minne na tisa akiandika tu kwamba nyumba ni ya wanangu, amesema jambo jema lakini hajalimaliza. Mtoto wa miaka tisa hawezi kupangisha chumba wala kumfukuza mpangaji asiyelipa. Mtu mzima mmoja atashika nyumba hiyo kwa niaba yake, na usipomtaja wewe, atajitaja mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake aliyefariki, lakini mtoto hajui njia ya kwenda mahakamani. Ndiyo maana kuna amana. Unaweka mali mikononi mwa wadhamini, wanaishika kisheria, lakini faida yake ni ya watoto, nao wadhamini wanabanwa na masharti uliyoyaandika. Haihitaji utajiri. Ndani ya wosia wako unaweza kuandika hivi:

Nyumba yangu ya vyumba sita iliyoko Mbagala isiuzwe mpaka mtoto wangu wa mwisho atimize miaka ishirini na mitano. Ishikwe na wadhamini wawili, dada yangu na rafiki yangu niliowataja hapo chini, na mmoja asifanye jambo bila saini ya mwenzake. Mke wangu na watoto wakae vyumba viwili vya mbele bila kodi. Kodi ya vyumba vinne ilipe kwanza ada za shule, kisha matibabu ya mama yangu mzazi, kisha ukarabati. Kinachobaki kiwekwe benki kwa jina la amana. Kila Januari wadhamini wawasomee watoto na mama yao hesabu ya mwaka uliopita.

Sentensi chache tu, na angalia zimeziba nini. Shangazi hawezi kuuza peke yake. Mjane hafukuzwi. Bibi hasahauliki. Watoto wanakua wakijua hesabu ya mali yao, na wakifika umri wa kuishika hawatakuwa wageni kwayo. Sharti lile la saini mbili na lile la kusoma hesabu kila Januari ndiyo ninayoyapenda kuliko mengine yote, kwa sababu yanamlinda hata mdhamini mwema dhidi ya tuhuma. Mpelekee wakili au msaidizi wa kisheria akutazamie maneno yako, lakini masharti yatoke kwako, wewe unayewajua watoto wako.

Kwa ndugu zangu Waislamu, mafungu ya warithi yamekwisha wekwa katika Suratun Nisaa, na wosia hauwezi kuyabadili. Wengine huona kwa hiyo hawana la kuandika. Wanalo. Sheria inaacha hadi theluthi moja ya mali, baada ya mazishi na madeni, uiusie kwa asiyekuwa mrithi. Theluthi hiyo ni mlango mpana. Ndimo anamopita mtoto wa kambo uliyemlea, mtoto wa kulea, mjukuu ambaye baba yake alitangulia, ndugu asiye Mwislamu, jirani aliyekuuguza. Wosia pia ndipo unapoandika madeni na amana za watu ulizoshikilia, jambo ambalo ni la roho yako kabla ya kuwa la warithi. Na kuna wakfu, utaratibu ambao pwani yetu imeuishi karne kwa karne. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Mombasa wapo makamishna wa wakfu. Mwenye nyumba mbili anaweza kuifunga moja isiuzwe kamwe, mapato yake yaende kwenye madrasa, kisima au mayatima. Muulize sheikh wako wa karibu, kisha pitia na kwa mwanasheria, ili dini na serikali zote mbili zikutambue.

Sasa neno kwa wale wanaoteuliwa. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Nalirudia kwa sababu machozi mengi yametoka hapa. Kikao cha ukoo kikipendekeza jina lako, muhtasari ukaandikwa, ukaenda Mahakama ya Mwanzo ukajaza Fomu Namba 1, tangazo likatolewa na hatimaye ukapewa barua ya usimamizi, hukupewa nyumba. Umepewa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki, kisha kurudi mahakamani na orodha ya mali na hesabu ya ulivyoigawa. Ukimaliza unaondoka. Hata mahakama ikikuchelewesha, wewe usiwacheleweshe yatima. Na wewe mwenye mali, unapomteua wa kukusimamia, usiangalie nani ni mkubwa kwa kuzaliwa. Angalia nani hurudisha chenji bila kuombwa.

Vilevile, jina uliloandika benki kama mtu wa karibu halimfanyi kuwa mrithi. Benki itataka barua ya mahakama. Wazazi wengi wanaamini wameshamaliza kila kitu kwa kujaza ile nafasi kwenye fomu ya akaunti.

Kwenu viongozi wetu wa mitaa na wa ibada, nina ombi ambalo haliwagharimu fedha. Maimamu, tengeni khutba moja ya Ijumaa kwa ajili ya wosia na haki za yatima. Mapadri na wachungaji, waulizeni wachumba katika mafundisho ya ndoa kama wamezungumzia mali na watoto waliokuja nao, na muwaulize tena miaka kumi baadaye. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, alikeni msaidizi wa kisheria kwenye mkutano wa hadhara; tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi hawa wanatambuliwa rasmi, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imeonyesha jinsi watu wanavyojaa wakisikia kuna wa kuwasikiliza kuhusu ardhi na mirathi. Wenyeviti wa vikundi vya VICOBA, mna daftari la wanachama kila wiki mkononi. Ongezeni siku moja ya kuzungumza wosia, mama mmoja akianza kumi watafuata. Wahariri wenzangu, habari za wajane waliofukuzwa tunaziandika sana. Tuandike na za familia zilizogawana kwa utulivu, ili watu waone inawezekana.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaolemewa na shauri ambalo limeshafika mahakamani waende Temeke, kwenye kituo cha mahakama kinachosikiliza masuala ya familia, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko chini ya paa moja. Wanawake wanaohitaji ushauri bila malipo wanaweza kufika kwa TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake.

Nimebakiza kundi moja: vijana wenye wazazi wazee. Ninyi mnaogopa kuonekana mna haraka. Msianze kwa kuuliza nani atapata nini. Anzeni na lenu: mwambie mzee kwamba wewe mwenyewe umeandika wosia wako, hata kama mali yako ni pikipiki na simu, na kwamba umemtaja yeye. Kisha muulize jambo dogo lenye faida leo: Baba, zile karatasi za kiwanja cha Chanika ziko wapi, zisije zikaloa mvua hii? Akikuonyesha, muulize ungependa nani azishike. Mpe nafasi anyamaze. Mzazi akianza kusimulia aliyemuuzia kile kiwanja alikuwa nani na walikubaliana nini, usimkatize. Chukua kalamu uandike, kisha msomee ulichoandika, na siku inayofuata mwite mjumbe na mzee mmoja wa ukoo.